RAM Hununuliwa Mwisho

Fundi alikuwa na kanuni yake, na kanuni hiyo ilikuwa imemlisha kwa miaka mingi: ukimuundia mteja kompyuta, RAM hununuliwa mwisho. Unaanza na boksi, unafuata bodi, prosesa, diski na pawa saplai. RAM, ile memori yenyewe, unaiacha ingoje, kwa sababu kila mwezi unaopita inashuka bei. Anayekimbilia RAM mapema, alipenda kusema, anamwachia mwenye duka faida ambayo ingekuwa yake. Mafundi wenzake wote walifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kujuta.

Mwaka huo kanuni ikamgeuka. RAM ikapanda, ikapanda tena, na alipokuja kushtuka ilikuwa imefika mara nne ya bei aliyoipigia hesabu. Mtandaoni walisema kampuni kubwa za akili bandia zinazoa chipu zote zinazotengenezwa duniani. Fundi hakujua hiyo akili bandia inazipeleka wapi RAM zote hizo. Alichojua ni kwamba kwenye benchi lake la kazi, kule chumba cha mbele kilichokuwa nusu karakana nusu sebule, palikuwa na kompyuta ya mtu iliyokamilika kila kitu isipokuwa RAM, na mwenyewe alikwisha lipa yote.

"Imeshuka?" mkewe alimuuliza asubuhi hiyo, akimkuta na simu mkononi. Alikuwa amekwisha vaa sare yake ya dobi wa hospitali, tayari kutoka.

"Inapumua pumua."

"Inapumua ikienda juu au ikienda chini?"

"Mama, acha dhihaka zako."

"Sifanyi dhihaka. Nimemuona Bwana Kamera jana, ameniamkia kwa unyonge mpaka nikaona haya mimi. Mtu amekulipa, ndiye anayenyenyekea."

Bwana Kamera ndiye mteja mwenyewe, mpiga video wa harusi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Kompyuta yake ya zamani ilikufa akiwa na harusi kadhaa ambazo hajazihariri. Alikuja kwa Fundi kwa sababu mtaa mzima ulimwita Fundi "Kauli Moja". Akitaja bei, ametaja. Dunia ipinduke, bei ni ile ile. Fundi alijifanya halipendi jina hilo, lakini mtu akimwita hivyo mbele ya mgeni, siku hiyo alikuwa akitembea kifua mbele. Kumwambia mteja "imepanda, niongezee" kulikuwa jambo ambalo mdomo wake haukuwahi kulitamka, na sasa alikuwa mzee mno kujifunza.

Basi akaingia mtandaoni.

Alimpata muuzaji kwenye soko moja kubwa la mtandaoni, RAM mbili za ukubwa ule ule aliohitaji, mpya, zenye maganda ya chuma yanayong'aa, kwa nusu ya bei ya wengine. Binti yake, ambaye ndiye mtoto wake pekee, aliichungulia simu juu ya bega lake.

"Baba, mbona rahisi hivi?"

"Huyu ni mzigo wake wa zamani. Aliununua kabla bei haijapaa."

"Amekwambia?"

Hakuwa amemwambia. Fundi alikuwa amemjibia. Mtu anayetaka sana kuamini hamsumbui muuzaji kwa maswali, humtungia majibu yeye mwenyewe. Alipomwandikia, muuzaji alimjibu hapo hapo, maneno matamu kama ya mkwe mpya: karibu sana mzee wangu, mzigo ni halisi, mimi siuzi takataka, ukipata tatizo nipigie hata saa hii. Fundi akatuma pesa zote zilizobaki za Bwana Kamera, akaongeza na zake zilizokuwa za kodi ya nyumba.

Soko lenyewe lilikuwa na utaratibu wa kumlinda mnunuzi. Pesa hazimfikii muuzaji mpaka mnunuzi apokee mzigo, aukague, kisha abonyeze kwenye simu neno "Nimepokea". Fundi alimweleza mkewe utaratibu huo mara mbili, na mara zote mbili mkewe akasema haya, tutaona.

Mzigo ulifika mvua ikinyesha. Aliyeuleta alikuwa kijana wa pikipiki, maji yakimchuruzika kwenye kofia, nyuma yake pikipiki imerundikwa maboksi yaliyofunikwa nailoni iliyotoboka.

"Mzee wangu, nisaidie ubonyeze," alisema. "Usipobonyeza, mimi kwao sijafika. Na mizigo ya watu inalowa pale."

"Baba, fungua kwanza," binti alisema toka mlangoni.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kijana alisikia, akainamisha uso. Na hapo ndipo Fundi aliposhindwa. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye milango ya watu maisha yake yote, kompyuta mkononi, huku mteja akijaribu kitufe kimoja kimoja kana kwamba ameletewa na mwizi. Alijua aibu ile. Hakuweza kumfanyia mtoto wa mwenzake kitu alichokichukia yeye. Akabonyeza "Nimepokea", akampa kijana kitambaa ajifute uso, akamtakia safari njema. Kijana akamshukuru mpaka akapitiliza.

Alipozipachika, mwanzoni alidhani RAM hazijakaa sawa. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Akazitoa, akazisugua meno ya shaba kwa raba ya kufutia penseli kama mafundi wanavyofanya, akazirudisha, akabadilisha tundu. Kimya. Akajaribu moja moja. Kimya. Mwishowe akachukua kisu chembamba, akabandua ganda la chuma. Ndani palikuwa na kibao cha kijani kisicho na chipu hata moja, na kipande cha bati kilichogundishwa ili kitu kiwe na uzito mkononi.

Fundi akacheka. Mkewe, aliyekuwa ameingia kutoka kazini hata viatu hajavua, alisimama pale pale. Kicheko kile alikijua. Mumewe alicheka vile siku aliposikia kaka yake amefariki.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema taratibu.

"Hata mbuzi hayumo."

Ujumbe aliomtumia muuzaji haukwenda, ulibaki na alama moja ya kijivu. Akaandikia ofisi ya soko. Jibu lilikuja haraka: "Mteja wetu mpendwa, oda yako imekamilika. Tafadhali mpe muuzaji nyota kulingana na huduma uliyoipata." Aliandika tena, akapiga, akasikilizishwa muziki mpaka simu ikakatika. Mkewe alijikaza kisabuni, akaenda kumwomba msimamizi wake sehemu ya mshahara mapema, akaambiwa mbele ya wenzake kwamba hospitali si benki. Fundi akaenda barabara kuu kwa mwenye duka la vifaa aliyefahamiana naye toka zamani, akamwomba RAM mbili kwa mali kauli, atalipa kidogo kidogo.

"Mali kauli ya RAM? Mwaka huu?" mwenye duka alishangaa. "Bwana, hizi nazifungia kabatini kama dhahabu. Hebu nieleze, ilikuwaje wakakupiga?"

Fundi akaeleza. Wateja waliokuwa pale wakaacha walichokuwa wakikitazama.

"Ulibonyeza kabla ya kufungua? Wewe? Fundi mzima?"

Mmoja akacheka, kisha wawili, wala si kwa ubaya. Fundi naye akacheka pamoja nao, akaaga, na njia nzima ya kurudi nyumbani masikio yalimwaka moto.

*

Bwana Kamera alikuja mwenyewe Jumanne mchana. Hakuja na ugomvi, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi. Alikaa kwenye kochi lililochanika mkono, akayapigapiga magoti yake kwa viganja, akahema.

"Fundi, nisikilize tu. Mama wa bibi harusi mmoja amekuja kwangu, akaketi sebuleni. Hataki chai, hataki maji. Anasema hatoki mpaka aione harusi ya mwanawe. Ameketi mpaka mke wangu akamwandalia pa kulala."

"Nakuelewa, bwana."

"Bei tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

"Nikalipa yote."

"Ulilipa yote." Fundi alikwangua benchi kwa ukucha. "Ila RAM zimepanda, nikatafuta mahali, wakaniliza. Nipe siku kidogo."

"Siku kidogo umeniambia tangu mwezi uliopita."

Nyuma ya pazia lililogawa chumba, binti alikuwa akifanya kazi. Pazia halikufunga vizuri, na kwenye ule mwanya iliwaka kompyuta yake, taa za bluu zikizunguka kwenye feni. Fundi mwenyewe ndiye aliyemuundia alipomaliza shule, na ndani yake aliweka RAM mbili nzuri, enzi hizo zikiuzwa bei ya kutupwa. Bwana Kamera alikuwa mtu wa picha. Jicho lake lilifika kule kabla ya maneno yake.

"Na ile?"

Fundi akasogea, akasimama kati yake na pazia.

"Sisemi kitu," Bwana Kamera alisema, akiinua mikono. "Nauliza tu. Mimi nilikuja kwako kwa sababu niliambiwa wewe una kauli moja. Kama ningejua ni maneno ya mtaani tu, ningekwenda dukani kama watu wengine."

Maneno hayo yalimwingia Fundi mahali ambapo hata wizi wa mtandaoni haukufika. Kabla hajapima, kabla hajageuza shingo kutazama kwenye pazia, alikwisha sema: "Njoo kesho asubuhi. Utaikuta tayari."

Mkewe aliporudi jioni na kusikia, hakuvua hata kitambaa cha kichwa.

"Kesho? Hiyo kesho umeitoa wapi?"

"Ni kuazima tu. Bei ikishuka nazirudisha."

"Huyu mtoto ana kazi ya watu ya kupeleka Ijumaa, hujui?"

Alijua. Nyumba nzima ilijua, na kwa wiki mbili nyumba nzima ilikuwa ikinyata. Kampuni inayotengeneza katuni za kufundishia watoto ilikuwa imempa binti kazi ya majaribio: katuni fupi ya msichana anayemfundisha mdogo wake kunawa mikono. Ikiwapendeza, wanamwajiri. Kwa miaka mitatu aliomba kazi huku na huku, na hii ndiyo ya kwanza kumjibu. Mama yake alikwisha anza kuwaambia wenzake wa kufua, kisha akajikataza, akaogopa kuharibu.

"Mwambie Bwana Kamera angoje mpaka Ijumaa," mkewe alisema. "Siku mbili. Kangoja mwezi, atashindwa siku mbili?"

"Nimeshatoa kauli."

"Kauli umeitoa wewe, RAM anaitoa mtoto!"

"Mama, basi," binti alisema. Alikuwa amesimama kwenye pazia, haijulikani toka saa ngapi. "Basi. Mtaa mzima unasikia."

Akarudi ndani, na mara taa za bluu zikazimika. Alitoka amebeba boksi la kompyuta yake kifuani, akaliweka juu ya benchi la baba yake, akawasha taa ya simu ili amulike. Tangu akiwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akimmulikia, na mkono wake haukuwahi kutikisika, wala siku hiyo haukutikisika. Baba alizibana zile klipu za kushikilia RAM mara mbili kabla hazijaachia.

"Ni mkopo, mwanangu."

"Ndiyo, Baba."

"Nakuwekea hii ya zamani, ndogo, lakini itajikongoja."

Ilijikongoja kweli. Kompyuta iliwaka, ikachukua muda wa mtu kwenda kuteka maji na kurudi, ikafunguka. Lakini binti alipoigusa katuni yake, msichana wa kwenye skrini alitokea nusu, mikono ina povu, kichwa hakijafika, na kila kitu kikaganda hapo. Aliizima, akaiwasha. Akapunguza rangi. Akaikata kazi vipande vipande, akajaribu kipande kidogo kuliko vyote. Povu likatokea, likaganda.

"Inajitahidi," alimwambia baba yake, kama mtu anayezungumzia mgonjwa mbele ya jamaa zake.

*

Asubuhi Bwana Kamera alikuja na gari ya kuazima, uso umemtanuka. Fundi akaiwasha kompyuta mbele yake. Ikaamka kabla hata hajaondoa kidole kwenye kitufe. Bwana Kamera akafungua video moja ya harusi aliyokuja nayo, ikacheza laini kama maji, bibi harusi akicheka, watu wakipiga vigelegele mle chumbani.

"Fundi! Wewe ni mtu bwana. Wewe kauli yako ni hati."

Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hiyo ndiyo sifa Fundi aliyoipenda kuliko zote duniani, na hakusikia ladha yake.

"Na yule mama wa bibi harusi?" aliuliza, ili aseme chochote.

"Ah, yule nimemtuliza jana. Ameelewa, amerudi kwake. Hii hata sitaigusa sasa hivi. Leo hii nasafiri, nina harusi mji wa mbali, mpaka Jumapili. Nitaanza nayo Jumatatu."

Binti alikuwa amesimama kando ya pazia na kitambaa cha kufutia vumbi, kwa sababu ndiye aliyezoea kuifuta kompyuta ya mteja kabla haijaondoka. Aliposikia Jumatatu aliinua macho. Hakumtazama Bwana Kamera. Alimtazama baba yake.

Maneno yenyewe yalikuwa machache, na Fundi alikuwa nayo yote mdomoni: bwana, kama ni Jumatatu, niachie mpaka Jumatatu. Basi. Hata sababu isingehitajika. Mtu yule angesema haya, angeenda zake na gari yake tupu, na ndani ya nyumba ile kazi ingemalizika. Lakini kuomba vile kulikuwa kukiri kwamba RAM zile si za kununua, kwamba amemvua mtoto ili kumvika mteja. Kulikuwa kuchukua tena kitu alichokwisha kabidhi. Alilishika boksi la kompyuta kwa mikono yote miwili, asiliinue.

"Fundi? Kuna kitu?"

"Hapana," Fundi alisema. "Safari njema."

Akaibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Aliporudi, benchi lilikuwa limekwisha futwa vumbi, na binti amerudi nyuma ya pazia.

Siku hiyo na ya pili yake binti alizunguka. Sehemu za kukodi kompyuta hawakuruhusu programu ya mtu kuwekwa. Rafiki yake mmoja alikuwa na laptopu, ikashindwa kama ile ya nyumbani. Fundi alisikia anavyotoka na anavyoingia, kwa miguu tu alijua majibu. Mara mbili alichukua simu ampigie Bwana Kamera amwombe kompyuta irudi mpaka Jumapili, na mara zote mbili akairudisha mfukoni, akajiambia mtu yuko kwenye shughuli, si vizuri kumsumbua.

Ijumaa mchana wale watu wakapiga. Mama mtu alikuwa kazini. Spika ya sikioni ya simu ya binti ilikwisha kufa siku nyingi, hivyo kila aliyempigia alisikika nyumba nzima. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole.

"Tunaingoja kazi yako, mdogo wangu. Michoro ya mwanzo uliyotutumia iliwafurahisha wote hapa."

"Dada, samahani. Haijaisha."

"Kuna tatizo? Umeuguliwa? Kompyuta imeharibika? Ukisema, tunaweza kuangalia."

Fundi alikuwa amesimama na bisibisi mkononi. Sema, alimwambia moyoni. Sema baba yangu. Nitaje.

"Hapana, dada," binti alisema. "Kompyuta ni nzima, na nyumbani hakuna tatizo. Ni mimi tu sikujipanga."

Sauti ya upande wa pili iliporudi, upole ulikuwa umepungua.

"Uliahidi Ijumaa."

"Niliahidi."

"Nasikitika, mdogo wangu. Kipaji unacho. Lakini sisi hatuwezi kufanya kazi na mtu asiyetimiza ahadi."

"Naelewa, dada. Asante."

Maneno ambayo Fundi aliogopa maisha yake yote kwamba mteja atakuja kumwambia, yalikuwa yameambiwa mwanawe, na mwanawe ameyapokea kwa niaba yake na kusema asante. Hakuwahi kufikiri kwamba binti naye alikuwa ametoa kauli. Katika hesabu zake zote za wiki ile, kauli ilikuwa moja tu, ya kwake.

Akasogeza pazia. Binti alikuwa ameketi mbele ya skrini nyeusi, simu magotini. Macho yalikuwa makavu. Afadhali angelia.

"Mwanangu," Fundi alisema. "Juzi pale, na Bwana Kamera. Ningemwomba tu aiache."

"Ndiyo, Baba."

"Neno moja tu. Angekubali yule."

"Angekubali."

"Sijui nini kilinishika."

Binti aliinuka, akamsogezea baba yake kiti alichokuwa amekalia yeye.

"Nilikuwa nakungoja useme," alisema.